Umeshakuwa Daktari, Sasa Tafuta Maabara

Wiki tatu baada ya kutetea tasnifu yangu nilikaa kwenye kompyuta ya idara, jioni, wenzangu wameshaondoka, nikatuma baruapepe 41. Zote zilikuwa barua moja. Nilibadilisha jina la profesa na jina la chuo tu, na katika mbili kati ya hizo hata jina la chuo nilisahau kulibadilisha. Zilianza kwa salamu ndefu za heshima, zikaeleza kwamba mimi ni mtafiti mwenye bidii, ninayeweza kufanya kazi peke yangu na pamoja na wenzangu, na kwamba kwa muda mrefu nimevutiwa sana na kazi za maabara yake. Nikaambatisha wasifu wa kurasa 7 wenye hadi matokeo yangu ya kidato cha nne. Nilipata majibu manne. Matatu yaliandikwa na mashine: mhusika yuko likizo. La nne lilitoka kwa mama mmoja mstaarabu aliyenieleza kwamba yeye ni mtaalamu wa lugha za kale, na hana maabara.

Barua ya 42 niliituma miezi miwili baadaye. Uzamivu wangu ulihusu mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huchuja floraidi kwenye maji ya kunywa. Watu wa Arumeru wanaijua habari hii kwa meno yao: visima na chemchemi nyingi za kule zina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza, na meno ya watoto hugeuka kahawia. Nilikuwa nimesoma makala ya mtafiti mmoja wa Ulaya aliyeonyesha kwamba safu ya mkaa wa aina hiyo husafisha maji mengi kabla ya kuchoka. Nilipofika sehemu ya mbinu nikaona maji aliyotumia yalitengenezwa maabara, hayana bikaboneti. Maji ya kwetu yamejaa bikaboneti. Nikamwandikia sentensi tano. Nilimwambia nimeisoma makala yake na nimekwama kwenye maji yale. Kwamba mimi nimejaribu kwa maji ya kisima kimoja cha Meru na safu yangu ikachoka mapema zaidi. Grafu hii hapa. Je, amewahi kuliona jambo hili?

Alijibu baada ya siku mbili. Hakuwa na nafasi wala hakuahidi kitu, aliomba tu data. Tukaandikiana. Baada ya miezi mitano akaniambia amepata ruzuku mpya, anatafuta mtu.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, ambayo wenyewe vyuoni huiita postidoki, ni kazi ya muda, mara nyingi ya mwaka mmoja hadi mitatu, chini ya mtafiti mwenye maabara au kikundi chake. Unaifanya ili upate ujuzi na machapisho yatakayokuwezesha kusimama mwenyewe. Si shahada, haina joho wala cheti cha kutundika sebuleni. Huku kwetu jambo hili bado geni, kwa sababu aliyemaliza uzamivu hurudi idarani, akapewa masomo manne ya kufundisha na rundo la wanafunzi wa kusimamia, basi. Shangazi yangu aliniuliza: "Sasa baba, umeshakuwa daktari, unakwenda tena kusomea nini?" Nikamwambia siendi kusoma, nakwenda kazini. "Kazi gani hiyo ya miaka miwili? Ikiisha je?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, na nitalirudia mbele kidogo.

Nafasi hizi huzaliwa na fedha, na fedha huja kwa njia mbili. Ama profesa ameshinda ruzuku ya mradi, na ndani yake mna fungu la kumlipa postidoki. Ama wewe mwenyewe unaomba ufadhili wa jina lako kisha unaupeleka kwa mwenyeji aliyekubali kukupokea. Watu wengi wa kwetu wanaijua njia ya pili tu, kwa kuwa ndiyo inayofanana na skolashipu tulizozizoea. Ya kwanza ndiyo pana. Nchini Marekani, kwa mfano, fedha nyingi za serikali zinazoombwa na postidoki mwenyewe ni za raia na wakazi wa kudumu, hivyo mgeni huingia kwa mlango wa ruzuku ya profesa.

Basi fuata fedha kabla hazijageuka tangazo. Ruzuku kubwa za umma huandikwa kwenye kanzidata zilizo wazi kwa kila mtu, bila malipo. Ruzuku za afya za Marekani ziko NIH RePORTER. Za sayansi na uhandisi ziko kwenye tovuti ya NSF. Za Umoja wa Ulaya ziko CORDIS. Za Ujerumani GEPRIS. Za Uingereza Gateway to Research. Andika somo lako, panga kwa tarehe, tazama nani ameanza mradi mwaka huu. Mtu aliyepata fedha miezi miwili iliyopita ana kazi aliyoahidi kuifanya na muda unamkimbiza. Huyo ndiye anayehitaji mikono. Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC, hutangaza majina ya washindi hadharani. Ruzuku zake za watafiti wanaoanza kujenga vikundi vyao hufika euro milioni 1.5 kwa miaka mitano, na matokeo yake kwa kawaida hutoka Septemba. Anayepewa fedha hizo hawezi kuzitumia peke yake. Mimi ningekuwa natafuta nafasi leo, ningeisoma orodha ile kabla ya kufungua tovuti yoyote ya ajira.

Tovuti za ajira nazo zisidharauliwe. EURAXESS ni ya Ulaya nzima, jobs.ac.uk ni ya Uingereza zaidi, Nature Careers ina za kila pembe, na kila fani ina baraza lake: wanaastronomia hutazama daftari la ajira la chama chao cha Marekani, AAS, wanahisabati na wanafizikia hutumia AcademicJobsOnline. Fani nyingine zina msimu. Astronomia hutangaza mwishoni mwa mwaka, na kwa makubaliano yao mtu halazimishwi kuijibu ofa kabla ya Februari 15. Uhandisi hauna msimu, nafasi hutoka wakati wowote. Ukiona tangazo lenye masharti ya ajabu yanayomfaa mtu mmoja duniani, na linafungwa baada ya siku kumi, huenda mtu huyo tayari yumo ndani ya jengo. Omba ukitaka, lakini usilie.

Nirudi kwenye barua, maana hapo ndipo wengi wanapopotea, na wanaopotea mara nyingi ni watu wenye kazi nzuri.

Profesa mwenye jina hupokea barua za waombaji kila wiki. Anazisoma kwenye simu, kati ya kikao na kikao. Sentensi ya kwanza ikiwa "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima", umeshatumia nusu ya muda wake. Najua kwetu kuingia kwenye jambo bila salamu ni utovu wa adabu. Huwezi kufika kwa mtu ukaanza na shida yako kabla ya kuulizia watoto. Lakini kwenye uwanja huu heshima ni kutompotezea mtu muda. "Mpendwa Profesa Fulani" yatosha. Kisha taja makala yake moja, ile uliyoisoma kweli, na kitu kimoja ndani yake: kielelezo cha tatu, jedwali la pili, kauli iliyokutatiza. Halafu sema wewe umefanya nini kinachokutana na hicho. Halafu uliza. Mwishoni, sentensi moja: namaliza lini, natafuta nafasi ya utafiti, je, kuna uwezekano wa kufanya kazi nawe, iwe kwa fedha za mradi au kwa ufadhili nitakaouomba mwenyewe. Maneno 150 hadi 200. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na makala yako moja bora, si saba.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hii ndiyo roho ya barua hiyo. Zile 41 zangu zilikuwa za mgeni anayeomba mwenyeji amponye: nisaidie, nina ndoto, nitajitahidi. Ya 42 ilibeba dawa, hata kama ni kidogo. Nawe usidhani huna. Aliyefanya utafiti Afrika Mashariki mara nyingi ana kitu ambacho maabara ya Zurich au Boston haiwezi kukipata kwa urahisi: vimelea vya malaria kutoka kwa wagonjwa halisi, takwimu za gridi ya umeme inayokatika kila siku, udongo wa Bonde la Ufa, lugha zisizo na data za kufundishia kompyuta, mihogo yenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Hiyo si aibu ya kuificha nyuma ya maneno makubwa. Hiyo ndiyo bidhaa yako. Iweke mbele, ila usiitoe yote bure: grafu moja kwenye barua inatosha, data kamili ngoja mkubaliane nani anaandika nini.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kwa sentensi mbili. Akinyamaza tena, mwache. Barua kumi za namna hii kwa mwezi ni nyingi mno. Nne zinatosha, kwa sababu kila moja inakugharimu siku nzima ya kusoma. Kama haikukugharimu siku, ni ile ile ya 41.

Sasa wadhamini. Kama kuna jambo moja ningependa wasimamizi wa vyuo vyetu walisome kwenye makala haya, ni hili.

Nafasi nyingi hudai barua mbili au tatu za wadhamini, na zinatumwa moja kwa moja na mdhamini, kwa kiungo kinachoingia kwenye baruapepe yake. Wewe huzioni. Sasa kwetu kuna mazoea: unamwendea mzee ofisini, amezungukwa na marundo ya mitihani, anakwambia kwa upendo kabisa, "Andika tu mwenyewe, uniletee nisaini." Unaandika. Unajisifu kwa aibu, kwa hiyo unajisifu vibaya. Barua inatoka hivi: ninamfahamu kwa miaka minne, ni mwadilifu, mchapakazi, anaelewana na wenzake, ninampendekeza bila kusita. Msomaji aliye upande wa pili, aliyezoea barua za kurasa mbili zenye visa na mifano, anasoma hapo kwamba msimamizi hana la kusema juu yako. Isitoshe, barua zako zote tatu zina mtindo mmoja wa uandishi, kwa sababu aliyeziandika ni mmoja.

Barua inayofanya kazi ina tukio ndani yake. Ya mwenzangu mmoja, ambayo msimamizi wake alimwonyesha miaka mingi baadaye, ilisema kwamba mwaka wa pili wa utafiti mashine ya kupimia iliharibika na fundi alikuwa nchi nyingine. Kwamba kijana huyu alifungua kifaa, akakuta pampu imekufa, akaazima pampu ya idara ya jirani, akaisawazisha upya kwa wiki tatu, na data zilizotoka baada ya hapo zikawa safi kuliko za mwanzo. Hakuna neno "mchapakazi" hata moja mle. Halihitajiki.

Kwa hiyo mzee akikwambia uandike, usikatae kwa ukali wala usiandike barua. Mpelekee ukurasa mmoja wa ukweli mtupu: mambo manne uliyofanya ambayo yeye aliyaona kwa macho yake, tarehe, makala mlizoandika pamoja na sehemu gani ilikuwa yako, tangazo la nafasi, na mwisho wa kupokea maombi ukiwa umeuandika kwa wino mwekundu, wiki moja kabla ya tarehe halisi. Mwombe baruapepe yake ya chuo, maana barua inayotoka anwani ya kawaida ya mitaani hutiliwa shaka. Mweleze kwamba kiungo kinaweza kuangukia kwenye kapu la taka. Kisha mpigie simu siku ya tatu. Mdhamini mmoja kati ya watatu asiwe mtu wa chuoni kwenu. Awe mliyekutana naye kwenye kongamano au mliyeandika naye makala, anayeweza kusema kwamba kazi yako inajulikana nje ya ukuta wenu. Mtu huyu hapatikani kwa wiki mbili. Anatafutwa wakati bado uko mwaka wa tatu wa uzamivu.

Njia ya ufadhili wa jina lako mwenyewe inataka subira zaidi. Unaojulikana kuliko yote Ulaya ni ule wa Marie Skłodowska-Curie. Raia wa nchi yoyote anaweza kuuomba kwenda kufanya utafiti Ulaya. Sharti awe na uzamivu kabla ya dirisha kufungwa, na asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayoiomba kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Dirisha kwa kawaida hufungwa Septemba. Ushindani umekuwa wa kutisha: mwaka 2025 yaliingia maombi zaidi ya 17,000. Ombi lililopata alama duni linaweza kukufungia mlango wa mwaka unaofuata, basi usipeleke andiko la usiku mmoja ili kujaribu bahati. Mwenyeji mzuri huanza kuliandika pamoja nawe mwezi wa nne au wa tano. Vyuo vingine huendesha mafunzo ya wiki nzima kwa wanaotaka kuomba kupitia kwao. Ukipata chuo cha hivyo, umepata nusu ya ombi.

Taasisi ya Alexander von Humboldt ya Ujerumani yenyewe hupokea maombi mwaka mzima, jambo linaloniridhisha sana, kwa kuwa linampa nafasi mtu ambaye umeme na ratiba ya kufundisha havimwachii Septemba. Japani ina mpango wa JSPS kwa waliopata uzamivu ndani ya miaka sita, na huko mwenyeji wa Japani ndiye anayewasilisha ombi kupitia taasisi yake. Ukikosa mwenyeji huna hata fomu ya kujaza. TWAS, akademia ya sayansi iliyoanzishwa Trieste, Italia, mwaka 1983, hushirikiana na taasisi za nchi kama India na Pakistan kuwapokea watafiti kutoka nchi zinazoendelea. Masharti ya mipango hii yote hubadilika, yasome upya kwenye tovuti yao kila mwaka, si kwenye kundi la WhatsApp.

Tena si lazima kuvuka bahari. Nairobi ipo icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, ambako wadudu wanachunguzwa kwa kiwango cha dunia; ipo ILRI kwa mifugo. Kilifi kuna kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989. Kigali kuna taasisi ya fizikia ya EAIFR, tawi la kituo cha fizikia cha ICTP ambacho mwanafizikia Abdus Salam alikianzisha Trieste mwaka 1964. Afrika Kusini inachukua postidoki wengi kutoka bara zima, na wanaastronomia wana darubini ya MeerKAT yenye madishi 64 kule Karoo. Ng'ambo ya pili ya Bahari ya Shamu, chuo kikuu cha KAUST cha Saudia, kilichofunguliwa 2009, kina maabara za uhandisi ambazo vyuo vingi vya Ulaya vinazitamani. Nimewaona watu wakizipita nafasi hizi kwa sababu hazina neno "Ulaya". Mmoja wao bado anatuma maombi, mwaka wa tatu sasa.

Usaili siku hizi hufanyika kwa video: dakika 20 za kueleza kazi yako, kisha maswali. Swali watakalokuuliza bila kukosa ni hili: ukija hapa, miezi sita ya kwanza utafanya nini? Jibu lisiwe "nitajifunza". Liwe jaribio lenye jina, kifaa, na matokeo mawili yanayowezekana, na utakachofanya kwa kila moja. Weka bando kwenye simu ya pili hata kama mtandao wa chuo ni mzuri, na chaji kompyuta usiku uliotangulia. Na angalia saa. Mimi niliwahi kuitwa usaili saa 4 asubuhi ya Ujerumani, mwishoni mwa Machi. Nilikuwa nimeshahesabu tangu Februari kwamba hapa itakuwa saa 6 mchana. Nikavaa koti, nikaingia saa 5 na dakika 55, nikakuta chumba cha video kitupu. Wenzetu walikuwa wamesogeza saa mbele Jumapili iliyopita. Usaili wangu ulianza saa 5 kamili, na waliningoja dakika 20. Waliniandikia kwa upole. Nafasi akapewa mwingine.

Ofa ikija, usiruke. Sasa ndipo swali la shangazi linaporudi: kazi gani hiyo, na ikiisha je?

Uliza kama ni ajira au posho. Maneno mawili haya yana tofauti ya bima, pensheni, likizo ya uzazi na haki za mkataba. Ujerumani, postidoki aliyeajiriwa na chuo cha umma kwa kawaida huwekwa daraja E13 la jedwali la mishahara linaloonekana na kila mtu. Marekani, taasisi za afya za taifa, NIH, ziliweka dola 61,008 kwa mwaka kuwa posho ya anayeanza mwaka 2024, na vyuo vingi huvitazama viwango vyao. Lakini dola hizo San Francisco si dola hizo Iowa. Tafuta kodi ya chumba kimoja karibu na chuo kabla hujazizidisha kwa shilingi. Sote tumewahi kuzidisha kwa shilingi, na sote tumewahi kujuta.

Kama una familia, fanya hesabu ya viza kwa kalamu. Uingereza hutoza ada ya huduma ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka na 776 kwa mtoto, na hulipwa yote mbele. Wewe, mwenzi wako na watoto wawili kwa miaka miwili ni pauni 7,244, kabla ya ada ya viza yenyewe, vipimo vya kifua kikuu na tiketi. Baadhi ya waajiri hulipa au hukopesha. Wengi hawalitaji mpaka uulize. Marekani wengi huingia kwa viza ya J-1 ya mtafiti, ambayo mwisho wake ni miaka mitano, na ukishaimaliza huwezi kurudi kwa viza ya aina hiyo hiyo mpaka miezi 24 ipite. Wengine hufungwa pia na sharti la kurudi kwao miaka miwili. Uliza sharti hilo linakuhusu au la kabla ya kusaini, tena usome kanuni za uhamiaji za mwezi huo, maana siku hizi zinabadilika haraka.

Halafu waulize waliotoka. Kila maabara ina ukurasa wa watu wake wa zamani; waandikie wawili, mmoja aliyekaa muda mrefu na mmoja aliyeondoka haraka. Waulize profesa anapatikana mara ngapi, makala huchukua muda gani kutoka mezani kwake, na je, waliruhusiwa kuondoka na mada yao. Hilo la mwisho ndilo jibu la shangazi. Postidoki inayokufanya mikono ya mtu mwingine kwa miaka mitatu, kisha anakwambia mada ni ya maabara, inakurudisha nyumbani na kurasa za makala na mikono mitupu. Profesa ambaye waliopita kwake wanakuandikia "tuliondoka na mada zetu" ana thamani kuliko jina la chuo.

Kwa ambaye tayari ni mhadhiri huku nyumbani, kuna meza moja zaidi ya kupita. Soma mkataba uliosaini uliposomeshwa: wengi tuna miaka tunayodaiwa kuitumikia taasisi, na kuondoka bila ruhusa kunaweza kugeuka deni. Omba likizo bila malipo kwa maandishi, mapema, ukiambatisha barua ya mwenyeji na maelezo ya kitakachorudi idarani, iwe ni ushirikiano, kifaa au mafunzo kwa wanafunzi wa uzamili. Mkuu wa idara anayejua atapata kitu hupitisha barua haraka. Usiondoke kimyakimya ukitegemea wenzako watakufundishia.

La matapeli nitalisema kwa ufupi. Chuo cha kweli hakikutozi ada ya kushughulikia ombi la kazi, hakikutumii ofa bila usaili, na hakiandiki kutoka baruapepe ya bure. Ukitakiwa kutuma pesa kwa simu ili "kufungua faili", faili ni lako wewe.

Hesabu yangu, tangu barua ya kwanza mpaka siku nilipopanda ndege, ilikuwa miezi kumi na sita, na miwili ya hiyo ilipotea kwenye zile 41. Kama unatarajia kutetea tasnifu mwakani, usingoje kuvaa joho. Mwandikie mdhamini wa nje mwezi huu. Kisha fungua ile makala uliyoisoma ukatikisa kichwa, utafute palipokutatiza, na uandike sentensi tano.